Paa Nyekundu

Siku ya kwanza kazini nilipewa fimbo. Nilikuwa nimemaliza Form Four, nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya kuazima, nikidhani kazi kwenye uwanja wa ndege ni kazi ya kukaa ofisini na kupiga muhuri. Meneja wa Uwanja, mzee mwembamba ambaye hakuwahi kukuangalia machoni akiongea, alinipa fimbo ya mkaratusi na kunionyesha nyasi.

"Huu ndio uwanja," akasema.

"Na ndege ziko wapi?"

"Ndege ni moja. Iko kwa ile banda. Ng'ombe ndio wengi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya urubani. Kabla ndege haijapaa au kutua, lazima mtu atembee uwanja mzima, mwisho huu hadi ule, afukuze ng'ombe, afukuze kondoo, awaondoe wanafunzi wanaokata njia, aokote mawe na vipande vya waya. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kwa hivyo mnaotaka kujifunza kuendesha ndege ndogo mjue kwamba kuruka huanza na miguu, na miguu hulowa, kwa sababu huku kwetu umande wa kwenye majani chai haukauki mapema.

Vijana wa kanisa letu ndio walioniomba niandike haya. Walisema, Mama Chebet, tuandikie vile ulifanya kazi pale uwanjani, ili wale wanaotaka kwenda wajue wanaenda wapi. Wengine walicheka niliposema nimestaafu. Mtu anastaafuje na mtoto wake hajaanza hata nasari? Nimestaafu ile kazi, na sababu ninayo. Nitaieleza nikifika hapo. Mkisikia hasira kwenye maandishi, hamjakosea kusikia. Na kuna mambo mengine ambayo sijayaelewa mpaka leo, na sitajifanya nayaelewa kwa sababu nimeshika kalamu.

Uwanja wenyewe uko juu ya mgongo wa kilima kati ya Mogogosiek na Kimulot. Chai upande huu, chai upande ule, na katikati nyasi zilizokatwa fupi. Uwanja umeinama. Kwa hivyo ndege hupaa ikiteremka na kutua ikipanda, ili mteremko uisaidie kupata mbio na mlima uisaidie kusimama. Ni mali ya klabu ya watu wenye mashamba na biashara, waliochanga wakanunua ndege ya viti viwili, wakamwajiri mwalimu. Walitaka wanafunzi. Ndege isipopata wanafunzi inakaa tu bandani ikila mafuta ya kupasha injini.

Nilipokaa na ng'ombe vya kutosha, nikahamishiwa kwa mafuta, chini ya Fundi wa Injini. Huyu alikuwa Mluhya mnene, mpole, asiyependa maneno mengi. Alinifundisha kuchota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, kwa chupa ndogo ya kioo, kila asubuhi. Mafuta ya ndege ndogo yana rangi ya buluu hafifu. Maji hayana rangi, na ni mazito, kwa hivyo hukaa chini ya chupa kama jicho. Na injini haiwezi kunywa maji.

"Ukiona maji utafanya nini?" akaniuliza.

"Nitamwaga."

"Halafu?"

"Nitachota tena, mpaka yasionekane."

"Mpaka yasionekane, halafu unachota mara ingine moja ya kukaa bila wasiwasi. Hapa mvua haibishi hodi, dada."

Kazi hiyo niliipenda. Lakini aliyenitia wazimu wa kuruka ni Mwalimu Langat, Mwalimu wa Urubani, mtu wa hapa hapa Konoin. Ni mtu mkubwa, anayejaza kiti chake na nusu ya kiti cha mwanafunzi, na anayecheka kabla hujamaliza utani. Kosa lake ni moja tu, na si kosa, ni ulimi. Kama wengi wanaoanza na Kikipsigis nyumbani, P na B kwake ni mtu na ndugu yake. Akisema, "Naenda paa kidogo," hamaanishi atapanda juu ya nyumba. Anaenda baa. Alikuwa na baa yake aliyoipenda upande wa Kimulot, imepakwa rangi nyekundu kuanzia ukutani hadi juu, na sisi sote pale uwanjani tuliiita kama yeye, Paa Nyekundu. Alikuwa anakula nyama choma na kunywa soda. Rubani mwenye safari kesho hagusi pombe leo, na hilo hakuwahi kulifanyia mzaha.

Msidhani namcheka. Mimi Mkisii, mama yangu alikuja huku kuchuma chai kabla sijazaliwa, na L haijawahi kukaa vizuri mdomoni mwangu. Nikisema nataka kulala, watu husikia kitu kingine. Mwalimu mwenyewe alikuwa akinitania: "Mama Chebet, nenda ukarare." Tulikuwa tunaelewana hivyo. Kila mmoja alijua herufi gani ya mwenzake imevunjika, na alikuwa anaitengeneza kichwani kabla neno halijafika chini. Kumbukeni hilo.

Baadaye Meneja aliniita. "Wewe uko na mdomo," akasema, akiangalia ukuta. "Toka kwa mafuta. Utakuwa unaleta wageni."

Wageni ndivyo tulivyowaita wanafunzi wapya, hata kabla hawajaamua. Nikaanza kuzunguka. Nilienda shule za sekondari, nilienda vituo vya kupima majani chai, nilienda mpaka Fort Ternan, kule chini kwenye joto na miwa, siku ambayo klabu ilipeleka ndege ikatue kwenye shamba la mwanachama mmoja ili watu waiguse. Watu walikuja wengi. Bibi mmoja aliigonga bawa kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Hii ni debe." Nikamwambia ndiyo, ni debe jepesi, ndiyo maana inapanda.

Niligundua watu huogopa vitu vile vile. Wa kwanza husema injini ikizima ndege itaanguka kama jiwe. Haianguki. Injini ikizima ndege huteleza, kama mtu kwenye matope ya barabara ya Kimulot, ila yenyewe huteleza kwa heshima, na inakupa muda wa kutafuta mahali pa kutua. Hilo linafundishwa na kurudiwa mpaka uliote. Wa pili husema hesabu zitamshinda. Kama unaweza kujua debe la maziwa litatosha watu wangapi, hesabu za ndege zitakuingia. Wa tatu husema hiyo ni kazi ya wanaume. Huyo nilikuwa namwangalia tu mpaka aone haya.

Siku moja nilipeleka tangazo kanisani. Nililiandika vizuri: mafunzo ya kupaa, Jumamosi, uwanjani, vijana wote. Aliyelisoma ni mzee wa kanisa, na ulimi wake ni ndugu ya ule wa Mwalimu.

"Jumamosi kutakuwa na mafunzo ya kubaa," akasoma. "Vijana wote wanakaribishwa. Wasichana pia, wasiogope."

Kiongozi wa akina mama akasimama. "Mzee, umesema baa?"

"Kubaa, mama."

"Na wasichana?"

"Hao hasa. Imeandikwa hapa. Mwalimu atakaa nao karibu mpaka wazoee."

Nilikuwa nyuma kabisa na sauti yangu haikufika. Jumamosi hiyo hakuna msichana hata mmoja aliyekuja. Wavulana walikuja wengi ajabu, wakaona ndege, wakauliza kama ni hiyo tu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Mimi nilizunguka nyumba za akina mama wiki nzima nikieleza herufi moja.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameniahidi kitu. Yeye ni mwenye shamba kubwa, anaongea taratibu kama mtu anayesubiri wengine waandike. Alisema mbele ya Meneja na Fundi: "Huyu msichana akituletea wanafunzi, na yeye afundishwe." Basi wanafunzi nikawaleta, na mimi nikafundishwa, kila kiti kilipobaki wazi. Niliolewa katikati ya masomo, nikapata mimba, nikasimama, nikajifungua Chebet, nikarudi. Mama mkwe wangu, tunamwita gogo, alikuwa anakuja na mtoto uwanjani na kukaa kando ya banda akifuma. Nilikuwa nanyonyesha, naingia kwenye ndege, nashuka, nanyonyesha.

Mnajua nilikuwa nataka nini? Nilitaka kuruka peke yangu. Kwa marubani hiyo ndiyo siku. Mwalimu anakuwa kando yako miezi yote, halafu asubuhi moja, bila kukuonya, anafungua mlango, anashuka, anasema zunguka mara moja urudi. Mzunguko ni huu: unapaa, unapinda, unasafiri sambamba na uwanja ukiuangalia kwa dirisha, unapinda tena, unatua. Basi. Lakini ukishaufanya peke yako, hakuna anayeweza kusema hukuwahi.

Na katika masomo hayo kuna somo la redio ambalo nalikumbuka nikiwa na uchungu. Redioni herufi hazisomwi kama shuleni. B inaitwa Bravo, P inaitwa Papa, D inaitwa Delta, T inaitwa Tango. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini.

"Kwa sababu redio inakoroma," akasema. "B na P zinafanana. Mtu anaweza kufa kwa sababu ya B."

Alisema hivyo yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Siku ikafika. Asubuhi ilikuwa safi, mlima wote kijani kibichi, moshi wa kiwanda umesimama wima kumaanisha hakuna upepo. Tuliruka pamoja mara kadhaa, tukatua. Ghafla Mwalimu akafungua mkanda.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nimechoka na wewe. Zunguka mara moja, urudi tunywe chai."

Akafunga mlango. Ndege bila ule mwili wake ilikuwa nyepesi kama imevua koti la mvua. Ilinyanyuka kabla sijaiambia. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani, sijui nilisema nini. Nilipinda, nikaona chai ikiwa chini yangu, ile chai ambayo mama yangu alikuwa anaichuma akiinama, na mimi niko juu yake. Nikapinda tena nikauangalia uwanja kwa dirisha. Kulikuwa na madoadoa ya hudhurungi katikati ya nyasi.

Ng'ombe. Bila shaka ng'ombe. Tangu nitoke kwenye ile kazi hakuna aliyewekwa, kila mtu alikuwa anafukuza akikumbuka, na mara nyingi aliyekumbuka alikuwa mimi. Siku hiyo mimi nilikuwa juu.

Redio ikakoroma. Mpaka hapo Mwalimu alikuwa akiongea nami Kiingereza, kama inavyotakiwa. Sasa Kiingereza kikamwisha. Nadhani alitaka kunituliza.

"Mama Chebet, usitue. Ng'ombe wameingia. Nenda ukazunguke paa nyekundu, nitakuita."

Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika, na ndipo ninapoomba msome polepole.

Kuna vitu vyekundu viwili vinavyoonekana ukiwa juu ya uwanja ule. Kimoja ni paa la kiwanda cha chai, mabati mekundu, upande wa chini kuelekea Mogogosiek. Kingine ni ile baa, upande wa juu kuelekea Kimulot na msitu wa Mau. Mtu mwingine yeyote akiambiwa paa nyekundu angeenda kiwandani. Mimi nilimjua Mwalimu. Miaka yote akisema paa anamaanisha baa. Nikalitengeneza neno lake kichwani, kama nilivyozoea, nikageuza ndege nikaenda baa.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alitusumbua na ngeli mpaka tukamchukia. Paa jekundu, mapaa mekundu. Baa nyekundu, baa nyekundu. Nilizijua zote, na nilidhani ni za mtihani tu, kwa sababu huku kwetu kila kitu ni nyekundu. Nyumba nyekundu, shati nyekundu, paa nyekundu, jicho nyekundu. Mwalimu Langat angesema "paa jekundu" mara moja tu katika maisha yake, ningejua njia. Lakini nani husema jekundu? Hata mimi sisemi. Angekuwa mtunzi wa mashairi kwenye redio ya ndege, na ningedhani amepata kichaa.

Nikazunguka baa. Wanaume wakatoka nje na vikombe, wakanipungia mkono. Mmoja alinionyesha mfupa. Nilikuwa na raha. Halafu nikaona msitu umeanza kupotea. Wingu la Mau halina adabu. Huwa halitangulizi kijana wa kusema linakuja. Dakika unaona miti, dakika huioni, na mvua ya mawe ikaanza kugonga kioo kama mtu anayerusha maharagwe.

"Mama Chebet," redio ikasema, "uko wapi?"

"Niko juu ya paa nyekundu."

"Mimi naangalia paa nyekundu. Wewe hauko."

"Niko, Mwalimu. Nimeizunguka mara nyingi."

"Unaona moshi?"

"Naona moshi."

"Basi uko mahali sawa. Kaa hapo hapo."

Ulikuwa moshi wa nyama. Kiwanda kina moshi na baa ina moshi, na mimi na yeye tulikuwa tunakubaliana kabisa, kila mtu na moshi wake. Mawe yakaongezeka. Saa ya Chebet kunyonya ilikuwa imefika, na mwili haujui kama uko juu au chini. Maziwa yakaanza kutoka yenyewe, blauzi ikalowa mpaka kwenye mkanda. Sikuwa nalia, lakini sikujua tena upande wa uwanja. Ukiwa chini, kila shamba la chai lina mwenyewe na lina jina. Ukiwa juu na wingu limeshuka, ni jani moja kubwa lisilo na mwanzo.

Nikabonyeza redio. "Mwalimu, hiyo paa yako iko na nini chini?"

"Iko na majani chai. Na wafanyakazi."

"Yangu iko na watu wa vikombe."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mabati," akasema. "Mama yangu, sikiza. Mabati. Mabati ya kiwanda."

Hakuna mtu duniani anayeweza kusikia mabati vibaya. Niliupa msitu mgongo. Nikashuka kidogo mpaka nikaipata barabara ya lami, nikaiweka chini ya bawa la kushoto, nikaifuata kama mtoto anayeshika ukuta gizani. Wingu lilikuwa linanifuata. Halafu chini yangu yakatokea yale mabati, makubwa, mekundu, yanang'aa kwa mvua. Nikayazunguka nikisema mabati, mabati, peke yangu. Aliponiita ng'ombe walikuwa wametolewa. Aliyewatoa ni gogo, Chebet mgongoni, na sindano za kufumia mkononi. Nikatua. Ndege iliruka kidogo kama mbuzi, ikakaa.

Mwalimu alinifungulia mlango. Uso wake ulikuwa wa jivu.

"Siku moja tu katika maisha yangu nimetamka P vizuri," akasema, "na hukuniamini."

Tukacheka, wote wawili. Nilimchukua mtoto nikamnyonyesha pale pale kwenye gurudumu. Nilidhani siku imeisha vizuri. Nimeruka peke yangu, nimepotea, nimejirudisha. Kwa rubani hayo ni masomo mawili kwa siku moja.

Lakini Mwenyekiti alikuwa amekuja kuangalia, na alichokiona ni blauzi.

Nikaitwa mbele ya kamati. Walikaa kwenye viti vya plastiki ndani ya ofisi ya Meneja, wanaume tu, na chai ya maziwa mezani.

"Mama alichanganyikiwa," Mwenyekiti akasema, akiwaangalia wenzake. "Mwenye mtoto wa kunyonya akili yake iko kwa mtoto. Si kumlaumu. Ni maumbile."

"Nilichanganyikiwa, ndiyo," nikasema. "Lakini si na mtoto. Nilichanganywa na P."

"P gani?"

Nikawaeleza. Hawakuelewa. Nikamwomba Mwalimu aseme maneno yale mawili mbele yao. Akasimama, mtu mzima, akaweka kofia kifuani.

"Paa," akasema. "Na paa."

"Sasa ya kwanza ni gani?" akauliza mweka hazina.

"Ya kwanza ni ya juu ya nyumba."

"Mimi nimesikia ya pombe."

"Hapana, wewe husikii vizuri. Ni hivi: baa," akasema katibu. "Na baa."

"Umerudia moja."

"Sijarudia."

Nawaambia ukweli, kamati nzima ilikaa pale ikisema paa, baa, baa, paa, kama kuku waliomwagiwa mahindi, na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Meneja alikuwa anaangalia dari, midomo ikitetemeka. Mwenyekiti mwenyewe alijaribu, akashindwa, akatoa kitambaa akapangusa machozi ya kicheko. Na mimi nikacheka nao. Nilidhani kicheko kile kimeniokoa.

"Haya," Mwenyekiti akasema, akikunja kitambaa. "Tumecheka. Lakini tusicheze na mambo ya hewani. Kuanzia leo mfanyakazi hafundishwi. Mama ataendelea kutuletea wageni. Kazi hiyo anaiweza sana."

Hapa ndipo nisipoelewa mpaka leo. Nimegeuza kila upande. Walisikia kwa masikio yao. Walijaribu kwa ndimi zao. Mweka hazina mwenyewe alisikia ya pombe, kama mimi. Na bado jibu likawa ni mimi na matiti yangu. Ng'ombe hawakutajwa. Kwamba hakuna mtu wa fimbo, halikutajwa. Mwalimu alinitetea, akaambiwa asante, akae. Baadaye alinijia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka.

Nikarudi kazini. Mnaweza kufikiria? Nilikuwa nasimama mbele ya wasichana wa sekondari nikiwaambia kuruka si kwa wanaume tu, nikiwaambia injini ikizima ndege huteleza, nikiwaambia njooni, mtaweza. Wakawa wanakuja. Wawili wakaruka peke yao, na mmoja ana mtoto nyumbani ila yeye si mfanyakazi, kwa hivyo maumbile hayakumhusu. Niliwapigia makofi. Nilikuwa nafurahi na nimekasirika kwa mikono ile ile. Jioni nilikuwa nafika nyumbani nasonga ugali kama nampiga mtu. Mume wangu akauliza, "Nani umemweka kwa hiyo sufuria?" Nikamwambia kamati.

Halafu siku moja, nikipanga viti vya wageni, swali likanijia. Nikamfuata Meneja.

"Mzee, mfanyakazi hafundishwi. Na asiye mfanyakazi?"

Aliacha kuangalia ukuta. Aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu anipe ile fimbo, na nikaona ana macho mazuri tu, ya uchovu.

"Asiye mfanyakazi ni mgeni," akasema polepole. "Mgeni anakaribishwa. Ndiyo kazi umefanya hapa, mama."

Nikaacha kazi mwisho wa mwezi huo. Hiyo ndiyo sababu nasema nimestaafu. Kustaafu kwangu si kwa kuchoka. Nimestaafu ili niweze kuingia kwa lango kama ninyi, nilipe kidogo kidogo kama ninyi, nisubiri zamu kama ninyi. Kama hiyo haina maana, sijaitunga mimi.

Kwa hivyo vijana, njooni. Nasema hivyo nikiwa na hasira zangu zote, na nasema kwa moyo. Hewani hapaulizi wewe ni mtoto wa nani wala unanyonyesha nani. Wanaouliza wako chini, kwenye viti vya plastiki. Chunguzeni mafuta mara moja zaidi ya inavyotosha. Hakikisheni kuna mtu wa ng'ombe, na mkimpata msimhamishe. Na mtu akiwaambia jambo redioni, hata kama mnamjua kuliko mnavyojijua, msimtengenezee neno lake. Mwulizeni: paa ya mabati ama ya nyama?

Jumamosi iliyopita nilimwacha Chebet na gogo, nikapanda kilima. Langoni kulikuwa na msichana mpya, ametoka Form Four juzi, sketi ya kanisani, ile fimbo ya mkaratusi mkononi. Hakunijua. Kwa mbali nilimwona Mwalimu Langat akipangusa kioo cha ndege, akaniona, akageuka haraka mabega yakitikisika.

"Karibu, mama," msichana akasema. Ilikuwa hotuba yangu, neno kwa neno, ile niliyoiandika ya kukaribisha wageni. "Usiogope. Kila mtu huanza bila kujua. Umewahi kupanda ndege?"

Jibu la ndiyo lilikuwa la kweli, na la hapana ndilo lingenifungulia lango. Nikasimama pale viatu vimelowa umande.

"Nimekuja kujifunza kubaa," nikasema.

Akaniangalia kwa huruma. "Ni kupaa, mama," akanisahihisha polepole, na akanifungulia.